Nyumbani anaweza, mtihanini kila kitu kinafutika

Swali la msomaji: Binti yangu ana miaka 16, yuko sekondari. Shule ya msingi alikuwa mzuri wa hesabu, lakini tangu mwaka jana mambo yamegeuka. Nyumbani maswali anayafanya na anayapata. Akiingia kwenye chumba cha mtihani anatoka analia, anasema kila kitu kimefutika kichwani. Siku yenye kipindi cha hisabati huamka tumbo linamuuma. Mwalimu wake anasema ni uvivu. Mimi mwenyewe hesabu zilinishinda, na nimemwambia hivyo mara nyingi. Hofu hii inasababishwa na nini? Au nimemrithisha mimi?

Jibu: Dada yangu, pole, na asante kwa kuuliza kabla mambo hayajafika mbali. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi.

Urithi upo, ila haubebi mzigo wote. Utafiti wa mapacha uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya tofauti tunayoiona kati ya mtu na mtu katika hofu ya hisabati inaelezwa na mambo ya kuzaliwa nayo, na baadhi ya hayo ni ile hulka ya jumla ya kuwa mwepesi wa wasiwasi. Kinachobaki ni yale yanayompata mtoto mwenyewe maishani: mwalimu aliyekutana naye, mada iliyompita alipougua, siku aliyochekwa akiwa ubaoni. Kwa hiyo huenda binti yako amechukua kwako moyo mwepesi wa kushtuka. Lakini kwa nini moyo huo ushtukie hisabati na usishtukie historia au biolojia, hilo lina chanzo chake, na chanzo hicho kinatafutika.

Sasa hilo la uvivu. Nilifundisha hisabati sekondari kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye ushauri wa wanafunzi, na neno hilo nami nimewahi kumtamkia mtoto ambaye leo najua alikuwa anaogopa. Bado linaniuma. Mwanafunzi mvivu husinzia kipindi kikiendelea. Haumwi tumbo kabla hakijaanza. Mwaka 2012 watafiti Ian Lyons na Sian Beilock waliwapiga picha za ubongo watu wenye hofu kubwa ya hisabati. Walipoonyeshwa ishara kwamba swali la hesabu linakuja, sehemu ya ubongo inayohusika na kuhisi maumivu ya mwili ilichangamka. Walipokuwa wanalifanya swali lenyewe, haikuonekana hivyo. Maumivu yalikuwa kwenye kungoja. Kwa hiyo binti yako akikuambia asubuhi kwamba tumbo linamuuma, mwamini. Hajatunga.

Tuingie naye kwenye chumba cha mtihani. Chukua mlinganyo wa kawaida kabisa: −3(x − 4) = 2x + 7. Ili aufumbue, anahitaji kushika mambo kadhaa kwa wakati mmoja: kwamba −3 inazidisha kila kilichomo kwenye mabano, kwamba hasi mara hasi ni chanya, kwamba namba ikivuka alama ya usawa inabadili ishara. Sehemu ya akili inayoyashika hayo wakati mkono unaandika inaitwa kumbukumbu tendaji. Ni finyu kwa kila binadamu, hata kwa profesa. Wasiwasi nao unakaa humo humo. Ile sauti ya ndani inayosema “nitafeli tena, wenzangu wameshafungua ukurasa wa pili, nitamwambia nini mama” inakalia nafasi ileile ambayo ingeshika ile ishara ya hasi. Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walilionyesha hili mwaka 2001. Waliwapa watu hesabu za kujumlisha huku wakiwataka wakumbuke herufi fulani kwa wakati uleule. Wenye hofu walikosea zaidi hasa pale hesabu ilipotaka kubeba namba kwenda safu inayofuata huku kichwa tayari kimejaa.

Karatasi za namna hii nimezisahihisha nyingi mno. Mstari wa kwanza unasomeka −3x − 12 = 2x + 7. Imeponyoka ishara moja tu: ilitakiwa iwe +12. Kuanzia hapo mtoto anakokotoa vizuri, hatua kwa hatua, mpaka anafika x = −19/5. Anaitazama. Haifanani na majibu aliyozoea. Anashtuka, anafuta. Anaandika upya, anafuta tena, mpaka karatasi inatoboka. Dakika nane zimekwisha kwa swali dogo ambalo jibu lake ni x = 1, na sasa hofu imepata ushahidi mwingine wa kumwonyesha mtihani ujao. Ukiitazama karatasi hiyo bila kujua kilichotokea, utasema hajui aljebra. Anaijua.

Ndiyo maana nyumbani anaweza. Ila hapo nakuomba uchunguze jambo moja kwa upole. Anapofanya maswali nyumbani, daftari la mifano liko wazi mbele yake? Wanafunzi wengi hufanya swali la nne huku jicho likirudi kwenye swali la kwanza lililofanywa na mwalimu. Wanapata, wanafurahi, wanaamini wameelewa. Mtihanini mfano haupo, na wanachokikosa wanakiita kusahau. Inawezekana binti yako ana yote mawili: hofu ya kweli, na ujuzi ambao haujakaa sawasawa kama anavyodhani. Moja haliondoi lingine. Kwa kweli mara nyingi hutembea pamoja, na hapa ndipo kwenye kiini cha swali lako.

Mwaka 1990 Ray Hembree alizikusanya tafiti 151 kuhusu hofu hii akazilinganisha. Alikuta inapanda kadiri mtoto anavyosonga mbele na kufika kileleni kwenye mwaka wa tisa na wa kumi wa masomo, yaani karibu na umri wa binti yako. Na hayuko peke yake hata kidogo. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2012, iliyowapima vijana wa miaka 15, asilimia 59 ya vijana katika nchi za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi zina uchumi ulioendelea, walisema mara nyingi huwa na wasiwasi kwamba vipindi vya hisabati vitakuwa vigumu kwao.

Kwa nini umri huo? Kwa sababu hisabati ni ngazi. Historia ukikosa sura moja, sura inayofuata bado utaisoma na utaielewa kwa kiasi. Hisabati ukikosa kipandio, vya juu yake vyote vinayumba, na sekondari ndipo uzito unapoongezeka ghafla. Herufi zinaingia mahali pa namba. Uthibitisho unaingia. Jibu halihakikishwi tena kwa kuhesabu vidole. Mtoto aliyepita shule ya msingi kwa kukariri hatua, na alama nzuri akazipata, anafika mahali kukariri kunakoma kumsaidia, wala haelewi ni nini kimebadilika. Anajua tu kwamba jana alikuwa na akili na leo hana. Hebu fikiria uchungu huo kwa mtoto aliyezoea kusifiwa.

Niliwahi kuletewa kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akitoroka vipindi. Tatizo, waliniambia, ni aljebra. Nikampa 1/x + 1/3. Akaandika 2/(x + 3) na kusogeza karatasi mbali, kama mtu anayesogeza kitu cha moto. Sikumsahihisha. Nikampa 1/2 + 1/3. Akaandika 2/5. Basi kumbe aljebra haikuwa na kosa. Alikuwa amebeba jeraha la hesabu za sehemu tangu shule ya msingi. Nikamuuliza: 1/2 ni desimali gani? Akasema 0.5. Na 2/5? Akakaa kidogo: 0.4. Nikanyamaza. Akaitazama karatasi muda mrefu, kisha akasema, “Nimeongeza kitu halafu kimepungua.” Hapo ndipo tulipoanzia kazi. Wiki chache baadaye hakuwa bingwa, lakini vipindi alikuwa anaingia.

Ninalisisitiza pengo kwa sababu wengi hudhani hofu huja kwanza na kufeli hufuata. Huwa hivyo pia, lakini Xin Ma na Jiangming Xu, waliowafuatilia wanafunzi wa Marekani kwa miaka kadhaa ya sekondari, walionyesha mwaka 2004 kwamba kufanya vibaya hisabati leo kunatabiri hofu ya kesho kwa nguvu zaidi kuliko hofu ya leo inavyotabiri kufanya vibaya kesho. Baadaye vyote viwili hulishana: hofu inamfanya akwepe mazoezi, kukwepa kunapanua pengo, pengo linakuza hofu. Kwa hiyo ukimwambia tu “jiamini” bila kuliziba pengo, unamtaka ajiamini juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe anahisi hakipo.

Darasani kuna mambo yake. La kwanza kwangu ni mwendo wa saa. Tumewazoeza watoto kuamini kwamba mwenye akili ya hesabu ni anayenyoosha mkono wa kwanza, na mtoto anayefikiri taratibu anajihesabu mjinga hata kama mawazo yake ni sahihi kuliko ya mwenzake. La pili ni kuaibishwa. Mtoto anaitwa ubaoni, anakwama, darasa linacheka, mwalimu anasema “kaa chini, njoo wewe ukamwonyeshe.” Inachukua dakika moja. Nimewasikia watu wazima wakinisimulia dakika hiyo kwa undani wa kutisha: nguo waliyovaa, upande wa dirisha lilipokuwa, namba zilizokuwa ubaoni. Na jinsi kosa linavyopokelewa ina uzito. Mwalimu anayeuliza “umefikaje hapa?” na yule anayepiga alama nyekundu ya kosa tu wanafundisha hisabati ileile, lakini hawafundishi hisia zilezile.

Walimu nao huogopa. Mwaka 2010 Beilock na wenzake walichunguza walimu wa kike 17 wa madarasa ya mwanzo. Kadiri mwalimu alivyokuwa na hofu ya hisabati, ndivyo wasichana wa darasa lake walivyoelekea, mwisho wa mwaka, kuamini kwamba hesabu ni za wavulana, na walioamini hivyo walipata chini ya wenzao. Mwanzoni mwa mwaka tofauti hiyo haikuwepo. Wavulana hawakuguswa. Nakueleza hili si ili tuwalaumu walimu hao, nao walijazwa hofu na mtu mwingine, bali uone jinsi inavyopita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo bila neno baya kutamkwa.

Na kwa kuwa mwanao ni binti: tafiti nyingi zinakuta wasichana wakijieleza kuwa na hofu kubwa kuliko wavulana. Lakini Thomas Goetz na wenzake, mwaka 2013, walifanya kitu cha busara. Hawakuishia kuwauliza wanafunzi “kwa kawaida unaogopa kiasi gani?”, waliwauliza pia palepale, wakiwa kwenye kipindi na kwenye mtihani. Kwa jumla wasichana walisema wanaogopa zaidi, ila kwa hofu ya papo hapo hawakuwazidi wavulana. Yaani sehemu ya hofu ya msichana ni habari aliyosimuliwa kuhusu yeye mwenyewe, naye akaikubali.

Hapa ndipo unapoingia wewe, dada, na naomba unipokee kwa moyo ninaokuandikia. “Mimi hesabu zilinishinda” wewe ulilisema kumfariji. Yeye analisikia kama utabiri: mama ilimshinda, mimi ni wa mama. Sentensi hiyo iache kuanzia leo. Na kuhusu kumsaidia kazi za nyumbani, utafiti wa Erin Maloney na wenzake wa mwaka 2015 ulikuta kwamba watoto wadogo wa wazazi wenye hofu ya hisabati walijifunza kidogo zaidi na kuogopa zaidi mwisho wa mwaka, lakini hilo lilitokea pale tu wazazi hao walipowasaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Wenye hofu ambao hawakusaidia sana hawakuwaambukiza. Wale walikuwa watoto wa madarasa ya kwanza, binti yako ni mkubwa, ila ninachokiona kwenye familia za vijana kinafanana: kukunja uso, kushusha pumzi, “hivi kweli hujui hata hiki?”, na mwisho sauti kupanda. Mtoto husoma uso kabla ya kusoma swali.

Kuna kitu kimoja tu nataka mwalimu wake akisikie, nawe unaweza kumfikishia kwa heshima. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 77 ya watoto wenye hofu kubwa ya hisabati walikuwa na ufaulu wa kawaida au wa juu. Mwalimu akiwatafuta waoga kati ya wanaofeli peke yao, wengi watampita. Usiende kwake na lawama. Nenda na ombi: asimwite ubaoni bila kumtaarifu kwa wiki chache, ampe sehemu ya alama kwa hatua alizopatia, na amwonyeshe kwenye karatasi zilizopita ni kosa gani linalojirudia. Walimu wengi nisiowahi kuwatarajia wamekubali ombi la namna hii lilipoletwa kwa utaratibu.

Kwa siku ya mtihani kuna njia mbili nyepesi zilizopimwa. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Beilock walionyesha kwamba wanafunzi walioandika kwa dakika kumi kabla ya mtihani kile hasa kinachowatia hofu walifanya vizuri zaidi, na waliofaidika zaidi ni wale wenye kawaida ya kuogopa mitihani. Anaandika kwenye karatasi yake, hamwonyeshi mtu, anaichana akipenda. Hofu iliyowekwa kwenye karatasi haihitaji tena kushikwa kichwani. Njia ya pili ni kumfundisha maana nyingine ya moyo kwenda mbio. Jeremy Jamieson na wenzake, mwaka 2010, waliwaambia baadhi ya wanafunzi kwamba msisimko huo unaweza kuwasaidia kufanya vizuri, na hao walipata alama za juu zaidi za hisabati kuliko wenzao ambao hawakuambiwa. Maneno “tulia, usiogope” sijawahi kuona yakimtuliza mtu. “Moyo unadunda kwa sababu mwili unajiandaa kufanya kazi” ni kweli, na linashikika.

Nje ya siku ya mtihani, fanya mazoezi ya nyumbani yafanane na mtihani kidogo kidogo: kwanza daftari likiwa limefungwa bila saa, baadaye saa ikiwepo lakini muda ukiwa mwingi, mwisho muda halisi. Usianze na muda halisi. Utampa kushindwa kupya bure. Akianza kutapika, kukosa shule, kukosa usingizi kwa majuma, au hofu ikihamia kwenye masomo na mambo mengine, usingoje. Mpeleke kwa mshauri nasaha wa shule au mtaalamu wa saikolojia, kwa sababu hapo hisabati inaweza kuwa mlango tu wa jambo kubwa zaidi.

Lakini kazi ya kwanza ningependa muifanye wiki hii, wewe na yeye, nayo haihitaji mtaalamu. Msimsomeshe nyumbani, mwache akusomeshe wewe. Mwambie ukweli wako kwa namna nyingine: “Sehemu hizi sikuwahi kuzielewa, nionyeshe polepole.” Mpe kalamu, kaa upande wake wala si mbele yake, muulize “kwa nini?” kila anaporuka hatua. Anzieni chini kabisa, kwenye sehemu na namba hasi, hata kama ataona ni vitu vya watoto. Mahali fulani atasita, ataanza kusema “basi tu ndivyo inavyofanywa.” Usimsukume hapo wala usimpe jibu. Weka alama ndogo ya penseli kwenye mstari huo, endeleeni na mengine, na kesho yake hiyo alama ndiyo apeleke kwa mwalimu.